Jinsi ya Kulinganisha Mapato ya Nchi Mbili Yatokanayo na Mauzo ya Nje ya Vibanzi na Mabaki ya Mbao

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine na wanafunzi wa misitu na wa uchumi, na siku hizi hata na waandishi wa habari za biashara, ni hili: kati ya nchi hizi mbili, ni ipi inayopata fedha nyingi zaidi kwa kuuza nje vibanzi na mabaki ya mbao, na nitajuaje? Wengi wao huwa wamekwisha kupakua jedwali na kuchora grafu, kisha wakaona mstari mmoja unaporomoka ghafla, au nchi moja inaonekana kuuza kwa nusu ya bei ya mwenzake. Karibu kila mara kosa huwa limetendeka kabla hesabu haijaanza: bidhaa mbili tofauti zimepewa jina moja, au tani moja ni kavu na nyingine ina maji, au mwaka wa nchi moja hauanzi mwezi unaoanza mwaka wa nchi ya pili. Mwongozo huu unakupitisha hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya maelezo yake iko pale ambapo makosa hayo huzaliwa.

Mfano nitakaoutumia ni wa Vietnam na Australia. Australia ilikuwa muuzaji mkuu wa vibanzi duniani kwa miaka mingi, na mwaka 2011 Vietnam ikaipita. Vietnam huuza hasa vibanzi vya migunga ya kupandwa, ambayo wakulima wengi wadogo huivuna ikiwa na umri wa miaka 5 hadi 7; Australia huuza hasa vibanzi vya mikaratusi ya kupandwa, pamoja na vya misonobari. Wanunuzi wao wakubwa ni wale wale, yaani viwanda vya karatasi vya Japani na China. Nchi mbili zinazouza kwenye soko moja bidhaa inayokaribiana zinafaa sana kulinganishwa, na jozi hii ina karibu kila mtego utakaokutana nao katika jozi nyingine yoyote.

Maneno mawili kabla ya kuanza

Vibanzi ni mbao au magogo yaliyokatwakatwa kwa mashine kwa makusudi, yakawa vipande vidogo vinavyofaa kutengenezea karatasi, mbao za kubandikwa kwa gundi, au kuchomwa kama nishati. Mabaki ni kile kinachosalia kiwandani baada ya gogo kupasuliwa: mabanzi, machujo, maranda na vipande vya pembeni ambavyo havikusagwa kuwa vibanzi. Aliyewahi kufika Mafinga, Tanzania, au kwenye viwanda vinavyozunguka shamba la miti la Sao Hill ameyaona mabaki hayo yakiwa vichuguu kando ya misumeno. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika takwimu, kwa sababu vibanzi huweza kuwa bidhaa kuu ya shamba zima la miti, ilhali mabaki ni zao la pembeni la bidhaa nyingine, na bei zake hazifuatani.

Unavyohitaji

- Kompyuta yenye programu ya majedwali, iwe Excel au LibreOffice Calc, na intaneti.
- FAOSTAT, hifadhi ya takwimu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ambayo ina takwimu za mazao ya misitu tangu 1961 na haihitaji malipo.
- Comtrade, hifadhi ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kuhakiki na kuona nani amenunua.
- Wastani wa kila mwaka wa fahirisi ya bei za walaji ya Marekani, yaani kipimo cha mfumuko wa bei.
- Wastani wa kila mwaka wa kiwango cha kubadilisha fedha, endapo chanzo chako kimoja hakitumii dola.
- Daftari, au ukurasa wa pili katika jedwali lako, wa kuandikia kila uamuzi unaoufanya na sababu yake. Wengi hulidharau hitaji hili, na ndio hao hao ambao baada ya miezi miwili hushindwa kueleza tarakimu zao zilitoka wapi.

Hatua za kazi

1. Andika swali lako kwa sentensi moja kamili. Sentensi hiyo itaje nchi mbili, bidhaa, miaka, sarafu na jambo unalotaka kulijua. Kwa mfano: "Kati ya 2005 na 2020, ni nchi ipi kati ya Vietnam na Australia iliyopata dola nyingi zaidi za Marekani kwa mauzo ya nje ya vibanzi vya mbao, na je, tofauti hiyo ilitokana na kiasi au na bei?" Ukishindwa kuiandika sentensi hii, usipakue kitu bado. Kumbuka pia kwamba mapato ya mauzo ya nje ni thamani ya mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Si faida, wala si fedha iliyobaki mikononi mwa mkulima wa migunga au mwenye kiwanda.

2. Bainisha bidhaa kwa misimbo, si kwa majina. Hii ndiyo hatua inayoamua kama kazi yako itasimama au itaanguka, kwa hiyo ipe muda. Forodha za karibu dunia nzima hutumia mfumo mmoja wa misimbo, HS, ulioanza kutumika mwaka 1988 chini ya usimamizi wa Shirika la Forodha Duniani. Kuni, vibanzi, machujo na mabaki yote yako chini ya msimbo 4401. Ndani yake, 4401.21 ni vibanzi vya miti ya jamii ya misonobari, na 4401.22 ni vibanzi vya miti mingine, ikiwemo migunga na mikaratusi. Misimbo hii miwili haijabadilika tangu mwanzo, na ndiyo maana vibanzi ni rahisi kufuatiliwa kwa miaka mingi.

Mabaki hayana utulivu huo. Hadi toleo la HS la 2007, machujo, mabaki na peleti (vijipande vya machujo yaliyoshindiliwa, vya kuchomwa kama nishati) vilikuwa kapu moja lenye msimbo 4401.30. Toleo la 2012 likazitenga peleti kwa msimbo 4401.31 na kuyaweka mengine yote katika 4401.39. Toleo la 2017 likayahamishia machujo na mabaki yasiyoshindiliwa kwenye 4401.40, huku 4401.39 ikibaki na yale yaliyoshindiliwa kuwa matofali au maumbo mengine. Toleo la 2022 likaigawa 4401.40 kuwa 4401.41 ya machujo na 4401.49 ya mabaki mengine, na matofali ya mbao yakapewa 4401.32. Msimbo 4401.39, kwa hiyo, una maana moja mwaka 2014 na maana nyingine mwaka 2018, ingawa umeandikwa vile vile.

*Tahadhari.* Usichukue jumla ya 4401 yote ukaiita vibanzi na mabaki. Ndani yake kuna kuni, na kwa miaka ya karibuni kuna peleti nyingi mno. Vietnam yenyewe imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa peleti duniani, ikiuza hasa Korea Kusini na Japani. Ukiziacha peleti ndani ya hesabu, utaipa Vietnam mapato ya bidhaa ambayo Australia haishindani nayo kwa kiasi hicho. Ukiwa unachunguza Kanada au Latvia, kosa hili hugeuka: mabaki huonekana kuporomoka mwaka 2012, na mwandishi asiyejua huandika kwamba soko limekufa, kumbe peleti zimehamia msimbo wake.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: linganisha vibanzi peke yake kwanza, na mabaki uyaweke katika jedwali la pili. Ukilazimika kuyajumlisha, jumlisha kuanzia 2012 na kuendelea, na useme hivyo waziwazi.

3. Pakua takwimu kutoka FAOSTAT. Ingia sehemu ya misitu, kwenye uzalishaji na biashara ya mazao ya misitu. Tovuti haina ukurasa wa Kiswahili, kwa hiyo njia ya uhakika ni kufuata namba: bidhaa namba 1619 ni vibanzi, namba 1620 ni mabaki, na kipengele namba 5922 ni thamani ya mauzo ya nje. Chagua nchi zako mbili, chagua thamani na kiasi cha mauzo ya nje kwa pamoja, chagua miaka yote ya swali lako pamoja na miaka miwili kabla na miwili baada, kisha upakue faili. Ile miaka ya ziada itakusaidia kujua kama mwaka wa mwanzo au wa mwisho ulikuwa wa kawaida.

*Tahadhari.* Thamani katika FAOSTAT imeandikwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Tarakimu 250,000 ni dola milioni 250, si dola laki mbili na nusu. Kiasi cha vibanzi na mabaki kiko katika mita za ujazo za mbao halisi bila magome. Andika kizio juu ya kila safu mara tu unapolifungua faili, kabla hujahamisha seli yoyote. Hakikisha pia kwamba kompyuta yako haisomi mkato wa maelfu kama nukta ya desimali.

4. Soma alama kabla ya kusoma tarakimu. Pembeni ya kila tarakimu pana herufi inayoeleza asili yake: A ni takwimu rasmi, E ni makadirio, X ni takwimu iliyotoka katika shirika lingine la kimataifa, M ni takwimu isiyokuwepo. Mfululizo wenye A kumi na E mbili unatumika vizuri. Mfululizo wenye tarakimu ile ile iliyorudiwa miaka minne ukiwa na E ni dalili kwamba nchi haikutoa taarifa na tarakimu ya zamani imesogezwa mbele, na katika hali hiyo huwezi kusema kwamba mapato "yalibaki imara." Tofautisha pia sifuri na seli tupu. Sifuri inasema hakuna kilichouzwa. Seli tupu haisemi kitu, na programu nyingi huichukulia kama sifuri usipokuwa macho.

5. Ziweke nchi zote mbili katika mwaka mmoja na sarafu moja. Kwa FAOSTAT na Comtrade kazi hii imekwisha kufanywa, kwa kuwa zote mbili hutumia mwaka wa kalenda na dola za Marekani. Shida huanza unapochukua nchi moja kutoka hifadhi ya kimataifa na nyingine kutoka ofisi yake ya taifa. Taarifa nyingi za misitu za Australia hutolewa kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai na kuishia 30 Juni, kama mwaka wa bajeti tuliouzoea Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa dola za Australia. Vietnam huhesabu kwa mwaka wa kalenda, na forodha yake hutoa thamani za biashara kwa dola za Marekani.

Mwaka wa fedha 2010/11 wa Australia una nusu ya 2010 na nusu ya 2011. Ukiuweka safu moja na mwaka 2011 wa Vietnam, umechanganya miezi sita ya kabla na miezi sita ya kwanza ya mwaka ambao soko liligeuka: Machi 2011 tetemeko na tsunami viliharibu viwanda vya karatasi kaskazini-mashariki mwa Japani, na katika mwaka huo huo Vietnam ikachukua nafasi ya kwanza. Ukiwa na takwimu za kila mwezi, zikusanye upya kuanzia Januari hadi Desemba. Usipokuwa nazo, chukua wastani wa miaka miwili ya fedha inayougusa mwaka wako wa kalenda, na uandike kwamba ni makadirio yako.

Sarafu nayo inaweza kugeuza jibu. Mwaka 2011 dola moja ya Australia ilikuwa na thamani ya wastani wa takriban dola 1.03 ya Marekani; mwaka 2015 ilikuwa imeshuka hadi takriban 0.75. Chukua tarakimu za mazoezi, zisizo za nchi yoyote: mauzo ya dola milioni 900 za Australia mwaka 2011 ni sawa na dola milioni 927 za Marekani, na mauzo ya dola milioni 1,000 za Australia mwaka 2015 ni sawa na dola milioni 750 za Marekani. Kwa sarafu ya nyumbani mapato yamepanda, kwa dola za Marekani yameshuka, na hakuna uongo katika lolote kati ya hayo mawili. Kwa kuwa unalinganisha nchi mbili, tumia dola za Marekani kwa zote, na utumie wastani wa mwaka mzima, kamwe si kiwango cha siku moja.

6. Ondoa mfumuko wa bei kama muda unazidi miaka mitano. Gawanya fahirisi ya mwaka wa kizio (mwaka ambao unataka thamani zote zisomwe kwa bei zake) kwa fahirisi ya mwaka unaoushughulikia, kisha uzidishe kwa thamani. Wastani wa fahirisi ya bei za walaji ya Marekani ulikuwa 218.056 mwaka 2010 na 292.655 mwaka 2022. Ukigawanya unapata takriban 1.342, maana yake dola milioni 100 za mwaka 2010 zina nguvu ya ununuzi ya dola milioni 134.2 za mwaka 2022. Nchi iliyopata milioni 100 mwaka 2010 na milioni 125 mwaka 2022 imerudi nyuma kwa thamani halisi. Tumia fahirisi moja kwa nchi zote mbili, maana thamani zote mbili ziko katika dola. Ukiitumia fahirisi ya Vietnam kwa Vietnam na ya Australia kwa Australia juu ya thamani za dola, utakuwa umechanganya vipimo viwili.

7. Hesabu bei ya kizio, baada ya kujua kizio chenyewe ni kipi. Gawanya thamani kwa kiasi, upate dola kwa tani au kwa mita ya ujazo. Tarakimu hii moja hufichua makosa mengi kuliko ukaguzi mwingine wote, lakini ina mtego wake mkubwa, nao ni maji.

Vibanzi vilivyotoka kwenye mti mbichi vina maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kwa sababu hiyo biashara ya vibanzi vya karatasi huandikiana mikataba kwa tani kavu kabisa, yaani uzito ambao vibanzi vingekuwa nao baada ya kukaushwa katika tanuri hadi maji yaishe. Forodha kwa upande wake huweza kuandika uzito wa shehena kama ulivyo, pamoja na maji. Tuseme, kwa mazoezi tu, Nchi ya Kwanza imeuza tani milioni 4 kavu kwa dola milioni 500, na Nchi ya Pili imeuza tani milioni 6 mbichi kwa dola milioni 450. Ukigawanya bila kuuliza, ya kwanza inauza kwa dola 125 na ya pili kwa dola 75, na utaandika kwamba Nchi ya Pili inauza kwa bei ya kutupa. Ikiwa nusu ya uzito wa shehena zake ni maji, tani zake kavu ni milioni 3 na bei yake ni dola 150, kwa hiyo yeye ndiye mwenye bei bora.

Mita za ujazo nazo ziko za aina mbili. FAOSTAT hutumia ujazo wa mbao halisi. Ujazo wa vibanzi vilivyorundikwa, pamoja na hewa iliyo kati yake, ni mkubwa zaidi: mita moja ya rundo huwa na mbao halisi kati ya 0.35 na 0.4 ya mita. Mtu akikupa takwimu za kiwandani au za malori, muulize kwanza kama amepima rundo. Kubadilisha mita halisi kuwa tani kavu unahitaji uzito mkavu wa mbao ya mti husika kwa kila mita. Ukikosa, kilo 500 kwa mita ni kianzio kinachokubalika kwa migunga na mikaratusi ya kupandwa, mradi uandike kwamba umekitumia.

Tofauti ndogo ya bei inayobaki baada ya marekebisho haya si kosa. Vibanzi vya mkaratusi wa buluu kutoka Australia hutoa rojo nyingi zaidi ya karatasi kwa kila tani kavu kuliko vibanzi vya migunga, na viwanda huvilipia zaidi. Usiisawazishe tofauti hiyo ukidhani unasafisha takwimu.

8. Tenganisha kilicholetwa na kiasi na kilicholetwa na bei. Hapa ndipo ulinganisho wako unapokuwa na maana kwa mtu anayetaka kuamua jambo. Chukua nchi iliyouza tani kavu milioni 4 kwa dola 125 mwaka wa kwanza, na tani milioni 5 kwa dola 120 mwaka wa pili. Mapato yamepanda kutoka dola milioni 500 hadi 600. Tani milioni 1 ya ziada kwa bei ya zamani imeleta dola milioni 125. Kushuka kwa bei kwa dola 5 juu ya tani zote milioni 5 kumepunguza dola milioni 25. Milioni 125 toa milioni 25 ni milioni 100, nayo ndiyo ongezeko lote. Nchi hii inapata zaidi kwa kukata miti mingi zaidi na kuuza kila tani kwa bei ndogo, jambo ambalo grafu ya mapato peke yake isingekuonyesha. Fanya hesabu hii kwa nchi zote mbili, kwa miaka ile ile.

Ukitaka kasi ya ukuaji, usigawanye ongezeko kwa idadi ya miaka. Kutoka milioni 400 hadi milioni 900 katika miaka 8 ni ongezeko la 125%, na wengi huandika 15.6% kwa mwaka. Kasi sahihi hupatikana kwa kugawanya 900 kwa 400, kutafuta kipeuo cha nane cha jibu, na kutoa moja: takriban 10.7% kwa mwaka.

9. Hakiki kwa takwimu za wanunuzi. Fungua Comtrade, uangalie China na Japani zinasema zimenunua kiasi gani cha 4401.22 kutoka Vietnam na kutoka Australia. Muuzaji huandika thamani ya bidhaa ikiwa imepakiwa melini, FOB. Mnunuzi kwa kawaida huandika thamani pamoja na nauli na bima hadi bandarini kwake, CIF. Vibanzi ni vyepesi, vinajaza meli kabla ya kuilemea, na husafirishwa kwa meli zilizoundwa kwa kazi hiyo, hivyo nauli ni sehemu kubwa ya bei ya kufikia. Tarajia thamani ya mnunuzi iwe juu. Usichanganye, katika jedwali moja, FOB ya nchi moja na CIF inayohusu nchi nyingine. Kinachohitaji uchunguzi ni pale mnunuzi anapoandika thamani ndogo kuliko ya muuzaji, au pale pengo linapopanuka ghafla mwaka mmoja na kufunga mwaka unaofuata.

10. Weka sababu karibu na mabadiliko, kwa tarehe. Rudi kwenye jedwali na utie alama kila mwaka ambao mapato yalibadilika kwa zaidi ya moja ya tano. Kisha tafuta tukio linalolingana kwa wakati na kwa njia ya kueleweka. Kwa Australia utakuta Gunns, kampuni kubwa ya misitu ya Tasmania, ikiwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Septemba 2012, na moto wa misitu wa 2019/20 uliokiunguza kiwanda cha vibanzi cha Eden huko New South Wales. Kwa Vietnam utakuta kodi ya 2% juu ya mauzo ya nje ya vibanzi iliyoanza 2016, serikali ikitaka miti zaidi ibaki nyumbani kwa viwanda vya samani. Kwa nchi zote mbili utakuta ukuaji wa mahitaji ya China. Tukio kutokea mwaka ule ule hakutoshi kulifanya kuwa sababu. Angalia kama limegusa kiasi, bei au vyote viwili, kwa kutumia hesabu ya hatua ya 8. Moto uliofunga kiwanda unapaswa kuonekana kwenye kiasi. Ukionekana kwenye bei pekee, umeshika tukio lisilohusika.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*FAOSTAT na Comtrade hazikubaliani.* Angalia kwanza kama umechukua misimbo inayolingana: bidhaa 1619 inalingana na 4401.21 pamoja na 4401.22. Kisha angalia alama. FAO huweza kuwa imerekebisha tarakimu kwa kutumia majibu ya dodoso la mazao ya misitu ambalo nchi hujaza kila mwaka. Ukishaamua, tumia hifadhi moja kwa nchi zote mbili na kwa miaka yote. Kuchagua chanzo kipya kila mwaka kwa kufuata tarakimu inayokupendeza ni kuharibu kazi.

*Mauzo ya nje yanazidi uzalishaji.* Hili huwashtua wengi. Katika takwimu za FAO, uzalishaji wa vibanzi hauhesabu vile vilivyokatwa moja kwa moja msituni kutoka kwenye magogo, kwa kuwa magogo hayo yamekwisha kuhesabiwa kama malighafi ya karatasi au kuni. Mauzo ya nje huvihesabu. Usitumie safu ya uzalishaji kukosoa safu ya mauzo.

*Mwaka mmoja umeruka juu mara tatu.* Hesabu bei ya kizio ya mwaka huo. Ikiwa bei imeruka na kiasi kimetulia, kuna uwezekano mkubwa wa kosa la sifuri au la kizio. Ikiwa vyote viwili vimeruka na takwimu za wanunuzi zinakubaliana, ni biashara halisi. Kwa grafu ya kuonyesha mwelekeo, tumia wastani wa miaka mitatu mitatu, lakini usiutumie kuficha mwaka ulioushindwa kuueleza.

*Thamani ipo lakini kiasi hakipo, au nchi ya mnunuzi haikutajwa.* Mara nyingi ni kanuni za usiri: palipo na kampuni moja au mbili tu zinazouza, ofisi ya takwimu huweza kuficha sehemu ya taarifa ili bei za kampuni zisijulikane. Usijaze pengo kwa kukisia. Tumia takwimu za wanunuzi kwa kiasi, na uandike hivyo chini ya jedwali.

*Nimejaribu Tanzania na Kenya, nimepata sifuri na vitarakimu vinavyorukaruka.* Kwa nchi zenye mauzo madogo ya bidhaa hii, shehena moja inaweza kubadilisha mwaka mzima, na asilimia za ukuaji huwa hazina maana. Jumlisha miaka mitano mitano badala ya kulinganisha mwaka kwa mwaka, na uandike tarakimu zenyewe bila asilimia. Kwa Kenya, zingatia kwamba marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma ilianza Februari 2018 na rais akatangaza kuiondoa Julai 2023, kwa hiyo miaka ya katikati haielezi uwezo wa nchi. Kama lengo lako ni kuona nafasi ya mazao ya mbao katika biashara ya nchi hizi mbili, mbao zilizopasuliwa, msimbo 4407, zitakupa mfululizo unaosomeka vizuri zaidi, na hatua zote kumi zinabaki zile zile, isipokuwa ile ya tani kavu, kwa kuwa mbao hupimwa kwa mita za ujazo.